Jirani anapandisha ghorofa nne Njiro: tuanzie wapi kabla zege halijamwagwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Njiro, Arusha, mtaa wa nyumba za kawaida, viwanja kama mita 30 kwa 30. Kiwanja cha jirani kiliuzwa, nyumba ya zamani ikabomolewa, na sasa kijiko kimechimba shimo refu hadi karibu na ukuta wetu. Mafundi wanasema ni ghorofa nne. Wengine wanasema ni loji, chini baa. Bango halipo. Nyuma kuna korongo linalojaa maji masika. Tumemwendea mwenyekiti wa mtaa mara mbili, tukakusanya saini 43, na kazi inaendelea. Je, tuna haki ya kuzuia? Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba. Tuanze na shimo, maana shimo halisubiri barua.

Pima kina chake kwa makadirio, kisha toa kina cha msingi wa nyumba yenu. Nyumba nyingi za kawaida msingi wake umekwenda chini mita moja hivi. Shimo likiwa mita 4, kinachowahusu ni mita 3 zilizopita chini ya kitako cha msingi wenu. Sasa pima kutoka ukingo wa shimo hadi kwenye nyumba. Umbali huo ukiwa mdogo kuliko hizo mita 3, udongo unaobeba nyumba yenu uko ndani ya eneo linaloweza kuserereka. Hatari inaongezeka kama kuta za shimo zimekatwa wima bila kuegemezwa kwa mbao au chuma, kama udongo uliochimbwa umerundikwa ukingoni, au kama maji yanatuama ndani. Udongo wa Arusha unaweza kusimama wima vizuri wakati wa kiangazi na kumdanganya fundi. Mvua ya usiku mmoja inautia uzito na kuulegeza kwa wakati mmoja.

Leo hii piga picha kila ukuta, ndani na nje, hasa pembe za madirisha na milango, ambako nyufa huanzia. Weka futi kamba kwenye picha ili ukubwa uonekane. Ufa uliokuwepo uwekee alama ya penseli mwisho wake na uandike tarehe. Gundisha kipande chembamba cha kioo kikivuka ufa. Kikikatika, ufa umetembea. Mwombe mtendaji wa mtaa aje aone na asaini karatasi ya hali ya nyumba kabla ya ujenzi. Usipokuwa na kumbukumbu hizi, siku ya kudai fidia utaambiwa nyumba ilikuwa na nyufa tangu zamani, na hutakuwa na la kujibu. Ufa ukizidi milimita 5, au mlango uliokuwa unafunga ukaanza kugoma, huo si wakati wa barua. Nenda kwa mhandisi wa jiji siku hiyohiyo, na ukuta ukianza kuegama tokeni ndani, mpige 114, Zimamoto na Uokoaji.

Hilo likishakaa sawa, tuje kwenye haki.

Hakuna sheria inayozuia ghorofa kwa sababu tu majirani hawalitaki. Ndiyo maana saini 43 hazikuzaa kitu. Zilisema mtaa haujaridhika, na kutoridhika hakumo kwenye orodha ya sababu za kusimamisha ujenzi. Kilichomo ni uvunjaji wa sharti. Sheria ya Mipango Miji, Sura ya 355, inataka kila anayeendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango awe na ridhaa ya mamlaka ya upangaji, na aifuate kama ilivyotolewa. Kwa hiyo kazi yenu ni kutafuta sharti gani limevunjwa, mliseme kwa namba, mbele ya mwenye mamlaka ya kusimamisha. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka hayo. Ana muhuri, ana sauti, anaweza kusuluhisha, lakini notisi ya kusitisha ujenzi hutoka kwa Mkurugenzi wa Jiji kupitia idara zake za mipango miji na uhandisi.

Masharti yamelala katika karatasi tatu. Ya kwanza ni mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, ule mafundi na madalali wanaouita TP. Unaonyesha kila kiwanja na matumizi yake: makazi, biashara, makazi na biashara, eneo la wazi, hifadhi ya mto. Nendeni mkauone ofisi ya mipango miji, na muulize pia eneo lenu linasomekaje kwenye Mpango Kabambe wa Jiji la Arusha wa 2035. Fanyeni hili kabla ya lingine lolote. Ikiwa viwanja vinavyopakana na barabara yenu vilishageuzwa kuwa vya makazi na biashara, hoja ya kwamba huu ni mtaa wa makazi imekufa, na ni heri mjue sasa kuliko mbele ya kamati.

Karatasi ya pili ni hati ya jirani. Kwenye masharti ya hati kuna kundi la matumizi, na kwa makazi kwa kawaida ni kundi A. Yeyote anaweza kuomba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja na kitalu, akalipa ada, akapata taarifa za miliki hiyo. Huku ndiko mtajua kama aliomba kubadili matumizi. Mabadiliko hayo hayafanywi kimyakimya. Maombi hutangazwa ili wenye pingamizi walilete, yanapita kwenye kata na kwenye kamati ya halmashauri inayohusika na mipango miji, ndipo yanapanda ngazi za wizara. Tangazo mara nyingi hutoka kwenye gazeti ambalo hakuna mtu mtaani kwenu anayelinunua, au hubandikwa mahali pasipopitwa na watu. Ulizeni tarehe ya tangazo na muda wa pingamizi ulioandikwa humo. Kama bado siku zipo, acheni mengine yote mpeleke pingamizi.

Ya tatu ni kibali cha ujenzi. Hapa ndipo uongo mwingi hujificha. Mtu anaweza kukuonyesha kibali cha kweli, chenye muhuri wa kweli, kumbe ni cha ukuta wa uzio, au cha ukarabati, au cha nyumba ya ghorofa moja. Usiishie kusikia kwamba kibali kipo. Uliza kimetolewa lini, kwa matumizi gani, kwa ghorofa ngapi, na michoro iliyopitishwa inaonyesha umbali gani kutoka kila mpaka. Usitarajie kupewa nakala ya michoro ya mtu, ila majibu ya maswali hayo manne unaweza kuyaomba kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu. Siku 30 ni nyingi kwa mtu mwenye kijiko na mashine ya kuchanganya zege, kwa hiyo barua hiyo iende sambamba na ya malalamiko, isiitangulie.

Kukosekana kwa bango kusichukuliwe kuwa jambo dogo. Bango la mradi hutaja mwenye mradi, mbunifu, mhandisi, mkandarasi na namba ya kibali. Likikosekana, ama anajenga na fundi asiyesajiliwa, ama kuna jina asilotaka lionekane. Bodi ya Makandarasi (CRB), Bodi ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB) na Bodi ya Wahandisi (ERB) zina wakaguzi wanaofuatilia maeneo ya ujenzi, nao OSHA wanahusika na usalama wa wafanyakazi wanaoshuka ndani ya shimo hilo. Barua moja yenye picha ya eneo lisilo na bango, ikiwa na namba ya kiwanja, hufanya kazi haraka kuliko kikao cha mtaa. Dar es Salaam iliona ghorofa 16 likianguka Machi 2013, ikaona jengo lingine likianguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Kwa mkaguzi wa leo, shimo refu lisilo na jina la mhandisi si jambo la kupita nalo.

Sasa vipimo. Malalamiko yenye vipimo yanamlazimisha afisa aje na futi kamba. Ukipaza sauti tu, atakuja na pole. Huna ruhusa ya kuingia kwenye kiwanja cha mtu, na huhitaji. Tofali la kawaida la saruji lina urefu wa inchi 18, ukijumlisha udongo wa kuungia ni kama sentimita 47. Hesabu tofali za ukuta wenu mnaopakana naye, sambamba na pale zinapoanzia na kuishia nondo za nguzo zake. Tofali 51 ni karibu mita 24. Tuseme upande wa pili ni tofali 47, karibu mita 22. Jengo limefunika mita za mraba 528 kati ya 900 za kiwanja, yaani asilimia 59. Zidisha kwa ghorofa nne unapata mita za mraba 2,112, zaidi ya mara mbili ya eneo la kiwanja. Mpeni afisa mipango miji namba hizo mbili, azilinganishe na kanuni za viwango vya nafasi kwa ukubwa wa viwanja vyenu. Na mtaje nafasi kati ya nguzo ya mwisho na mpaka kwa sentimita. Kabla ya hapo hakikisheni bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji, ziko wapi, kwa sababu kuta nyingi za uzio hazikujengwa juu ya mpaka.

Na hapa niseme bila kupaka mafuta: tazameni kwenu kwanza. Nyani haoni kundule. Kama kati ya saini 43 kuna mwenye fremu nne za duka zilizotoboa uzio, mwenye kibanda cha wapangaji kilichoegemea mpaka, au mwenye gesti isiyo na jina, mwenye mradi atazipiga picha zote na kuziwasilisha. Afisa anayekuja kwa kosa moja huondoka na sita. Barua isainiwe na watu watano wenye viwanja safi.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Ielekezwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa mkuu wa mipango miji, mhandisi wa jiji, mtendaji wa kata, diwani, na ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa. Hakikisheni lakini kwamba mko ndani ya Jiji. Njiro ni Jiji, ila anayesoma hapa akiwa Kiranyi, Kisongo au Ngaramtoni yuko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na wa Usa River yuko Meru. Barua iliyokosea halmashauri inaweza kuzunguka mwezi mzima bila mtu kuigusa. Kichwa kitaje namba ya kiwanja na kitalu. Mwili uwe na sentensi za aina hii: “Tarehe fulani uchimbaji ulianza katika kiwanja tajwa. Nguzo za upande wa mashariki ziko sentimita 80 kutoka mpaka. Hakuna bango la mradi. Tunaomba ukaguzi ufanyike, na ikibainika masharti ya kibali au ya hati yamekiukwa, ujenzi usitishwe kwa notisi.” Ambatisha picha zenye tarehe. Peleka kwa mkono masjala, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nakala isiyo na muhuri haina uzito wowote. Baada ya siku 7 andika ukumbusho ukitaja tarehe ya muhuri.

Kwa nini haraka hivi? Kwa sababu kila hatua ya jengo inabadilisha adhabu yake. Wakati wa shimo na nguzo, notisi humgharimu mwenye mradi muda tu, na afisa huitoa bila kusita. Jamvi la kwanza, yaani sakafu ya zege, likishamwagwa, mazungumzo yanahamia kwenye kurekebisha michoro. Likishaezekwa, mnasikia habari za faini na kuhalalisha, na kubomoa kunakuwa kesi. Wenye miradi wanalijua hili, ndiyo maana zege humwagwa Jumamosi jioni hadi alfajiri ya Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa. Mkiona nondo za jamvi zimefumwa, mabomba ya umeme yamelazwa na kokoto zimeshushwa kwa wingi Alhamisi, muwe ofisini Ijumaa asubuhi. Alama nyekundu ya X au neno STOP ukutani halizuii kitu peke yake. Likipuuzwa, piga picha ya alama na ya mafundi wakiwa kazini katika fremu moja, peleka Jumatatu. Kukaidi notisi ni kosa jingine, na mara nyingi ni jepesi kulithibitisha kuliko lile la mwanzo.

Kuhusu loji na baa, msipinge uvumi. Tafuteni dalili kwenye mpango wa vyumba. Nyumba ya familia haina vyumba 24 vyenye choo ndani na jiko moja. Mabomba ya maji taka yanayoshuka kwenye kila nguzo ya pili yanaeleza mengi kuliko fundi. Kama hati ni ya makazi, matumizi hayo ni ukiukaji wa sharti la miliki, na hapo Kamishna wa Ardhi anaingia: anaweza kutoa notisi, kutoza faini, na mwisho wa njia hiyo ni miliki kufutwa na Rais, ingawa ni wachache wanaofika huko. Baa ina mlango wake wa pili. Leseni ya vileo hutolewa kwa muda na huombwa upya, na kila kuomba upya ni nafasi ya kupeleka pingamizi. Kelele nazo zina kanuni zake za 2015 chini ya Sheria ya Mazingira. Kwa jinsi Olmoti inavyojengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, tegemeeni maombi ya loji kuongezeka pande hizo zote. Mengine yatakuwa halali kabisa.

Hoja ninayoona mnaipuuza ni maji, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Loji ya vyumba 24, wageni wawili kila chumba, lita 100 kwa mgeni: lita 4,800 za maji taka kwa siku. Familia ya watu sita kwa lita 80 kila mmoja haifiki 500. Karo (tangi la maji taka) na shimo la kunyonya vya nyumba ya zamani haviwezi mzigo wa mara kumi. Kama bomba la majitaka la AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, halijafika mtaani kwenu, gari la lita 10,000 lingetakiwa kila siku ya pili au ya tatu, na hakuna anayelipia hivyo. Kitakachotokea ni shimo kupasuliwa kuelekea korongoni. Ulizeni kwa maandishi: karo litakaa wapi, la ujazo gani, na afisa afya alipitisha?

Maji ya mvua ni hesabu hiyohiyo. Kiwanja chote kikifunikwa kwa bati na pevingi, mvua ya milimita 50 juu ya mita za mraba 900 ni lita 45,000, na zamani sehemu kubwa ingezama kwenye bustani. Zinakwenda wapi? Korongo likihesabika kuwa mto, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Korongo la msimu lina ubishi wake, kwa hiyo msijifanye mahakimu. Pelekeni swali kwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iliyoko Moshi, maana maji ya Arusha mjini hushukia bonde hilo. Mradi ukiwa ulihitaji tathmini ya athari kwa mazingira, ripoti huwa na orodha ya majirani waliohojiwa pamoja na saini zao. Ombeni kuiona. Kama majina ni ya watu wasioishi mtaa huo, mmepata hoja nzito.

Kivuli na faragha ni hoja dhaifu, nawaambia mapema. Arusha iko karibu na ikweta. Jengo la mita 14 kivuli chake cha mchana hakivuki sana mita 7, hata Juni. Likiwa mashariki kwenu, saa tatu asubuhi kinafika karibu mita 20, kwa hiyo mtapoteza jua la kuanikia. Tumieni hilo kudai madirisha ya upande wenu yawe ya juu au ya kioo cha ukungu. Msilitumie kudai jengo lisimame.

Na kama karatasi zote ziko sawa? Basi hamwezi kuzuia, ila mnaweza kuwekeana masharti. Mwiteni mwenye mradi pamoja na mkandarasi wake mbele ya mtendaji wa kata, muandikiane: kingo za shimo ziegemezwe kabla ya mvua, wavu upande wenu, kazi za kelele zikome jioni, mfereji wa mvua ufike kwenye mtaro wa barabara, na nakala ya bima ya mkandarasi inayogusa mali za majirani. Wengi hukubali. Siku moja ya kusimama inawagharimu zaidi.

Mahakama iwe ya mwisho, lakini mjue njia. Ugomvi na jirani kuhusu mpaka au uharibifu huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 halihukumu, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkitaka kulishtaki Jiji kwa kutoa kibali kibaya, kuna notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha ghorofa mbili kupanda, kwa hiyo wakili huomba zuio la muda wakati notisi inahesabika. Atakachokiuliza kwanza ni picha za nyufa zenye tarehe na zile nakala zenye muhuri wa masjala.